Dohani Isiyo na Miguu

Mtu wa kwanza kumwambia Saido kwamba nyumba yake inaweza kumwangukia alikuwa Mhindi wa Kisumu aliyevaa kofia ngumu ya manjano, na Saido alichomjibu ni kumwuliza kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

"Mama, umenisikia?" Kamlesh aliuliza.

"Nimekusikia. Sukari?"

Hakuwa akifanya jeuri. Tangu mumewe Abdiaziz afariki, miezi minne na siku kadhaa sasa, habari zote zilimjia Saido kwa namna moja: zilifika mlangoni, zikasimama, hazikuingia. Alikuwa na ganzi ya mwili mzima. Siku ya mazishi wanawake walimkodolea macho wakingoja, wengine wakamsogezea vitambaa kabisa, na yeye akavirudisha vikavu. Wiki ya pili hakulia, mwezi wa tatu hakulia. Shemeji yake Sugow, dereva wa basi anayeishi Lozells, mtaa mwingine wa Birmingham, Uingereza, alimnong'oneza mkewe kwamba Saido hana moyo, na maneno yale, kama ilivyo kawaida ya maneno, yakapanda basi yakaja mpaka mtaani kwa Saido, Saltley. Saido alipoyasikia, hata kukasirika hakuweza. Alijiuliza tu kama ni kweli.

Kitu kimoja alikuwa nacho, nacho ni eda. Mjane akae katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, asijipambe, asitoke ila kwa dharura. Eda haimwombi mtu machozi. Inamwomba akae, na kukaa Saido aliweza. Alivaa nguo nyeupe kama wafanyavyo wajane wa Kisomali, akamwachia binti yake Fardowsa duka, akajifungia ndani, na kila jioni baada ya Magharibi akawa anakata siku moja kwa kalamu kwenye kalenda ya jikoni, ile waliyopewa na muuza mchele wa jumla. Abdiaziz alifariki tarehe kumi Oktoba. Tarehe kumi Februari miezi minne ilitimia, zikabaki siku kumi. Jumatatu hii ya Kamlesh zilikuwa zimebaki nne, na Alhamisi jioni angekuwa amemaliza.

Kama siwezi kumlilia, alikuwa amejiambia, basi nitamkalia eda barabara, isikose hata saa moja. Ndilo jambo pekee alilokuwa bado anaweza kumfanyia mtu aliyeishi naye miaka ishirini na sita, na alilishika kwa mikono miwili.

Sasa nyumba. Nyumba hii lazima niieleze, maana asiyeijua hatamwelewa mtu yeyote katika habari hii, marehemu akiwa wa kwanza.

Juu ya dirisha la ghorofani pana jiwe lililochongwa mwaka 1859. Wakati huo, kwa maelezo ya Kamlesh, hapa palikuwa kijiji, na aliyesimama mlangoni aliona ng'ombe, si vituo vya basi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mekundu, vyumba viwili chini na viwili juu, na dohani moja nene ya kutolea moshi iliyopanda kutoka sakafuni, ikapita chumbani, ikatokea juu ya paa. Mbele palikuwa na bustani ndogo. Kisha Birmingham ikaja ikameza kijiji, mashamba yakawa mitaa, na mwenye nyumba mmoja aliyehitaji wateja kuliko maua akajenga duka juu ya ile bustani, lenye paa lake fupi, mpaka ukingoni mwa njia ya miguu. Ndiyo sababu hadi leo ukiitazama kutoka ng'ambo ya barabara huoni nyumba kwanza. Unaona duka, na nyumba imesimama nyuma yake kama mzazi aliyejificha nyuma ya mwanawe.

Miaka ya themanini akaja Chhotubhai, mfanyabiashara aliyetoka Jinja, akaongeza jiko kwa nyuma, la paa bapa. Chhotubhai alikuwa hodari wa kuuza, lakini pimamaji hakuijua. Ukiweka yai kwenye sakafu ya jiko lile, litaondoka lenyewe na kwenda mpaka mlango wa uani. Saido alilijua hilo kwa kupoteza mayai.

Chhotubhai alipozeeka akamwuzia Abdiaziz. Na Abdiaziz, mzaliwa wa Garissa aliyekulia Eastleigh na kupitia Uholanzi, alikuwa fundi kwa imani, si kwa mafunzo. Alitengeneza kila kitu. Kilichokuwa kizima alikitengeneza pia. Aliziba mlango, akafungua mwingine hatua mbili kutoka pale pale. Alijenga choo kidogo na sinki pembeni mwa duka, akahamisha swichi za taa mpaka wageni wakawa wanapapasa ukuta kwa aibu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ile ya kiangazi cha mwaka wa nane wa kukaa kwao.

Shida ilikuwa hivi. Duka lilikuwa mbele, jiko nyuma, na katikati palikuwa na chumba cha giza chenye ule ukuta mnene wa dohani. Saido akiwa jikoni hakuweza kuuona mlango wa duka. Kengele ya mlango ikilia, anaacha mwiko anakimbia, anakuta ni upepo, anarudi, mchuzi umeungua. Abdiaziz alivumilia michuzi ya kuungua kwa muda, kisha akanunua nyundo. Wiki tatu alibomoa ukuta wa dohani pale chini, akatoa matofali kwa toroli, vumbi likawaingia mpaka kwenye sukari. Alipomaliza, alimwita Saido akamsimamisha mbele ya jiko, kisha yeye akaenda kusimama nyuma ya kaunta ya duka, akapunga mkono.

"Unaniona?"

"Nakuona," Saido akamjibu, na tangu siku hiyo mchuzi haukuungua tena.

"Chini alitoa," Kamlesh alisema sasa, akiwa ameshika kikombe ambacho hakuwa amekinywa. "Lakini juu hakutoa. Kwa bedroom dohani bado iko. Kwa paa iko. Chini yake hakuna kitu. Hiyo matofali ni kama tani mbili, Mama. Sasa inakaa juu ya nini?"

"Juu ya nini?"

"Nimekata dari kidogo nikaangalia. Inakaa juu ya chuma mbili ya rafu. Ile ya kuweka sahani."

Wahenga walituachia usipoziba ufa utajenga ukuta. Juu ya mtu anayebomoa ukuta kwa mapenzi hawakutuachia neno.

"Mimi nauliza kitu moja," Kamlesh akaendelea. "Kwa nini aliacha ya juu? Kama angetoa yote, kutoka paa mpaka chini, haingekuwa na shida."

Saido alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. Pale chumbani, kuzunguka meko ya zamani, kulikuwa na vigae vidogo vya kijani vyenye maua, vizima vyote, vya tangu nyumba ilipojengwa. Abdiaziz alikuwa amepanda na nyundo yake, tayari kuanza huko huko juu, na yeye akamzuia mlangoni.

"Mimi nilimwambia aiache," alisema. "Niliipenda."

Kamlesh akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mkaguzi wa majengo kwa kazi, na alikuwa ameitwa na Sugow baada ya jirani, Jasvir, kulalamika kwamba ufa kwenye ukuta wake umekua tangu Krismasi. Alikuwa amezoea watu kulia anapowaeleza mambo kama haya, au kumgombeza. Huyu mama mwenye nguo nyeupe alimmiminia kikombe cha pili.

"Hizi nyumba zina subira sana," alisema kwa upole. "Lakini ufa unaendelea. Mafundi wangu wa kuweka nguzo za chuma watakuja Alhamisi saa kumi, mapema kuliko hapo hakuna. Mpaka siku hiyo mtu asilale hapa. Leo mnahama."

"Nitahama Alhamisi," Saido akasema. "Baada ya Magharibi."

Sugow alikuja mbio kutoka kazini, bado amevaa sare ya dereva. Alikuwa ameshatandika kitanda kwake Lozells. Saido alipomweleza kwamba hatoki, Sugow alifikiri hakuelewa, akamweleza upya, polepole. Kisha akampigia simu sheikh wao, akaweka sauti ya juu ili jikoni kote wasikie. Sheikh alisikiliza habari ya matofali, akauliza maswali mawili ya maana, akasema wazi: hii ni dharura, dini haimtaki mtu aangukiwe na nyumba, mama atoke leo na akamalizie eda yake kwa shemejiye bila wasiwasi wowote.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Sitoki."

Fardowsa, aliyekuwa amesimama kizingitini na funguo za duka mkononi, alimtazama mama yake kwa mshangao. Tangu Oktoba Saido hakuwa amekataa jambo. Akiambiwa ale, alikula. Akiambiwa alale, alilala.

"Hooyo, please," Fardowsa akasema. "The man said it's dangerous. Baba wouldn't want this."

"Baba yako hayupo kunieleza anataka nini. Mimi nimebakiza siku nne."

Hapo ndipo Kamlesh, aliyekuwa akijifanya anaandika, aliposema kitu ambacho Sugow hakumsamehe kwa siku nzima. Alisema kwamba kuna sehemu moja haina hatari. Jiko limeegemea nyumba, na nyumba ikienda nalo litakwenda. Lakini duka limejengwa mbali na dohani, lina kuta zake na paa lake, halikuegemea mtu.

"Dukani?" Sugow akaruka. "Mjane dukani? Bwana Kamlesh, wewe hujui mambo yetu. Mwanamke wa eda hatoki nje, na duka ni nje! Watu wanaingia na kutoka, hiyo ni barabara yenye paa!"

Na kweli, kwa miezi yote minne Saido hakuwa amevuka mlango wa kuingia dukani hata mara moja.

"Shangazi yangu alikaa eda Garissa," alisema. "Alilala uani, kwa sababu ya joto, juu ya jamvi, nyota anaziona. Kuna aliyemwambia ua ni nje?"

"Ua ni ua, shemeji. Ua ni wa nyumba."

"Bwana Kamlesh, duka limejengwa juu ya nini?"

"Kwa bustani," Kamlesh akasema. "Bustani ya hii nyumba. Hati ni moja, ramani ni moja."

Sugow akakuna kidevu. Alikuwa amejifunga kwa kamba yake mwenyewe na alijua.

Kutoka jikoni kwenda dukani ilibidi kupita katikati, chini ya yale matofali. Kamlesh akavua kofia yake ya manjano akampa Saido. Basi akavuka hivyo, mjane wa nguo nyeupe na kofia ya ujenzi juu ya mtandio, mkononi sufuria moja na msahafu, kwapani ile kalenda ya muuza mchele. Fardowsa alimfuata mbio mbio na godoro, akaambiwa aende pole pole, akazidisha mbio. Kamlesh akafunga mkanda mwekundu na mweupe kwenye uwazi wa mlango, na duka likateremshwa shata yake ya chuma.

"You can't live with the rice, Hooyo," Fardowsa alisema, machozi yakimlengalenga.

"Mchele haukoromi. Nenda na ami yako."

Jumanne ilipita. Mwanga uliingia kwa mistari kupitia matundu ya shata, ukapanda juu ya magunia, juu ya makopo ya nyanya, ukashuka upande wa pili. Wateja waligonga, wakaita jina la Fardowsa, wakaondoka. Saido aliswali kati ya unga na mafuta ya kupikia, akala tende kutoka kwenye rafu.

Abdiaziz alikuwa ameangukia hapa, kati ya friza na mizani, akiwa anampimia mtu njugu. Saido siku ile alikuwa hospitali kwa miadi ya goti, akakuta gari la wagonjwa limeshaondoka. Tangu hapo hakuwa amepaona. Alipopasogelea alijiandaa, alishika ukingo wa kaunta, akasimama palepale. Alingoja. Hakikuja kitu. Aliona sakafu, na alama ya gurudumu la friza, na punje mbili za mtama. Alichukua ufagio akafagia.

Akiwa pale nyuma ya kaunta aliinua macho, akaona jiko. Kupitia uwazi wa mlango, juu ya mkanda wa Kamlesh, kupitia chumba cha katikati ambapo ukuta wa dohani ulikuwa, jiko lote lilikuwa wazi mbele yake: birika, taulo lake la mikono, mahali anaposimama. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa upande ule. Akiwa dukani alikuwa na wateja, na jiko bila yeye lilikuwa na nini cha kutazamwa? Alidhani ukuta ulibomolewa ili yeye auone mlango. Hakuwahi kufikiri kwamba kutoka hapa mtu aliyesimama siku nzima na mizani alikuwa akimwona yeye.

Jambo hilo alilisoma kama anavyosoma bei kwenye boksi. Aliona ni kweli, akaenda kukaa juu ya gunia. Jioni akakata siku.

Jumatano, adhuhuri, lilisikika pigo zito huko ndani, halafu jingine, halafu mchanga ukamiminika kwa muda mrefu. Vumbi jekundu lilitoka chini ya mkanda likatambaa mpaka kwenye magunia. Saido alisimama, akasikiliza, akafunika sufuria. Baada ya robo saa Kamlesh alikuwa amefika, akazunguka kwa uani na tochi, akarudi kumweleza kupitia tundu la barua la shata: matofali ya juu karibu arobaini yametoboa sakafu ya chumba cha kulala, upande wa kitanda. Yaliyobaki bado yananing'inia. Duka liko salama, lakini kama angekuwa mama yake angembeba mgongoni.

"Kesho," Saido alisema.

Kisha akaja Sugow. Hakugombana. Alikaa chini kwenye ngazi ya duka, nje ya shata, mgongo wake ukigusa chuma, na Saido akakaa ndani upande wa pili. Watu wa barabara ya Alum Rock walipita na mifuko yao wakimwona dereva wa basi anaongea na shata.

"Shemeji," Sugow alianza, "nilisema maneno juu yako. Mke wangu ana mdomo, lakini maneno yalikuwa yangu."

"Yalinifikia."

"Nisamehe. Yule ni ndugu yangu, nilitaka aliliwe. Nilitaka mtu mwingine alie kuliko mimi."

"Nimekusamehe."

Alikuwa amemsamehe kweli, na hilo pia halikumgusa mahali popote. Alingoja kuona kama kuna unafuu. Sugow alifuta pua kwa mkono wa sare yake, akamwambia amemletea sambusa, akazipitisha moja moja kwenye tundu la barua. Saido alizila zote nne. Hazikuwa na chumvi, na akashangaa kwamba aligundua.

Alhamisi saa tisa na nusu shata ilipandishwa nusu, na Shemsa akaingia kwa kuinama, akihema. Shemsa alikuwa mama wa Mombasa aliyesomesha wanawake Qurani pale Saltley. Mwezi mzima alikuwa Leicester kwa binti yake aliyejifungua, na ndiyo kwanza amerudi. Alikuja kumtoa Saido eda kama inavyotolewa kwao: chetezo, udi, leso jozi mpya iliyokunjwa, na chupa ya marashi. Kuoga wangekwenda kuogea kwake, maana hapa hata bafu lilikuwa chini ya tani mbili.

"Maskini mwanangu, wakaa na bizari!" alisema, akamkumbatia, akaangalia huku na huku pa kuketi, akachagua gunia la sukari. "Haya. Jua latua saa kumi na moja na nusu. Tuombe dua, tuje tuondoke zetu. Marehemu alifariki mwezi ngapi?"

"Oktoba. Tarehe kumi."

"Mwezi wetu nakuuliza. Wa Kizungu nitaufanyia nini?"

Shemsa akachomoa kalenda ya msikiti kwenye mkoba, ile ndogo ya nyakati za swala, na nyingine ya mwaka uliopita iliyokunjika, akavaa miwani. Alipekua na kurudi nyuma, akihesabu kwa vidole.

"Oktoba kumi... Mfungo Saba, tarehe saba. Mfungo Nane, Mfungo Tisa, Rajabu, Shaabani. Shaabani saba, miezi minne hiyo. Na kumi, Shaabani kumi na saba." Kidole kikasimama. Alihesabu tena, safari hii bila sauti. "Saido. Wewe ulihesabu kwa kalenda gani?"

Saido akamwonyesha kalenda ya muuza mchele iliyotundikwa kwenye ndoano ya mizani.

Kila mtu anajua kwamba eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Saido alijua. Angeulizwa na mwingine angejibu bila kufikiri. Lakini katika nyumba ile kalenda ya msikiti ilikuwa ikiletwa na Abdiaziz, kila Januari, baada ya Ijumaa ya kwanza, na Januari hii hakuna aliyeileta. Sugow na mkewe waliuliza tu, zimebaki ngapi, na yeye akawajibu kwa hesabu ya ukutani.

"Ilikwisha Jumapili," Shemsa alisema polepole. "Jumapili Magharibi, mwanangu, ulikuwa umetoka."

Jumapili. Saido alijaribu kukumbuka Jumapili Magharibi alikuwa akifanya nini. Aliikumbuka: alikuwa ameinama jikoni, anachokoa nywele kwenye tundu la sinki kwa kijiti. Saa aliyoingojea miezi minne, aliyotaka aifikie akiwa ametulia na udhu wake, jina la mumewe mdomoni, ilimpita ameshika kijiti. Alisema hivyo kwa sauti. Shemsa alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Si dhambi," aliharakisha. "Kuzidisha kwa kutojua si dhambi. Ni kwamba ulikuwa huru tu. Jumatatu walipokwambia toka, ungetoka bila hata kuhitaji ruhusa ya sheikh. Hizi siku nne hazikuwa za eda. Hakuna aliyekulazimisha."

"Hakuna?"

"Nani? Mungu hakutaka. Shemejiyo alikusihi. Huyo Mhindi alikusihi. Kulikuwa hakuna anayekushika hapa."

Saido alitazama kalenda, zile alama tatu za mwisho na siku ya nne ambayo haikuwa imekatwa bado. Miezi yote hii alijijua ni mtu anayekaa kwa sababu ameamriwa kukaa, mtu aliyebakiwa na utii peke yake, na hata watu walimwona hivyo. Kumbe amri iliondoka Jumapili. Iliondoka, na yeye akabaki chini ya dohani, akabishana na sheikh, akavaa kofia ya ujenzi, akala tende za dukani, akasikia matofali yanaanguka juu ya kitanda chake na akasema kesho.

"Basi nilikuwa nakaa kwa nini?" aliuliza.

Shemsa akaanza kuikunja upya leso iliyokwisha kukunjwa.

Nje lori lilisimama. Zilisikika nguzo za chuma zikiteremshwa, na sauti ya Kamlesh ikiwapanga mafundi wake, wewe huku, wewe huku. Shata ikapanda mpaka juu, mwanga wa alasiri ukajaa dukani wote kwa mara moja, na Kamlesh akaingia na karatasi zake.

"Mama, tuko tayari, sasa tafadhali..."

"Nilikuwa nampenda," Saido alimwambia Shemsa, kama mtu anayeleta habari ambayo yeye mwenyewe ndiyo kwanza ameisikia njiani. "Shemsa. Nilikuwa nampenda sana."

Na akalia. Hakulia kwa adabu, kitambaa usoni, kama ambavyo wanawake wa Oktoba walimtarajia. Alilia mdomo wazi, ameshika ukingo wa kaunta, akimwita Abdiaziz kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, mpaka Jasvir wa jirani akatoka mlangoni kuona nani kaumia. Shemsa alimshika kiuno asianguke.

Kamlesh alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje. Mafundi wanne walikuwa wamesimama na nguzo mabegani, wakimwangalia.

"Ngojeni," aliwaambia.

Mmoja alisema giza linakaribia na kazi ni ya saa mbili.

"Nimesema ngojeni."

Wakalaza nguzo chini, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa Jasvir, na mmoja baada ya mwingine wakavua kofia zao.